Hodi ya Ndani ya Friji

Hodi ilipigwa saa ya chai ya alasiri. Ilitoka ndani ya friji.

Mama Gundi, fundi wa maabara, alikuwa na biskuti mdomoni na akili likizoni. Akajibu kama kinywa chochote kilicholelewa vizuri: "Karibu!" Ndipo taya zikasita. Hodi hupigwa nje, mwenyewe akiwa ndani. Sasa anayebisha akiwa ndani ya friji, mgeni ni nani?

"Unamkaribisha nani?" akauliza mtafiti wa meza ya pili, kijana waliyemwita Suti kwa sababu hata koti la maabara alilipiga pasi.

"Njaa. Imebisha."

Friji ile haikuwa na cha kubisha. Mlikuwa na kichupa kimoja, kama ncha ya kidole, kilichofika asubuhi: protini ya neva za binadamu, ile inayokaa juu ya seli na kuzifanya zishikane. Hakuna mtu aliyechunwa ili ipatikane. Maelekezo yake yalitolewa kwenye jeni za binadamu, yakapandikizwa katika seli zinazofugwa chupani, nazo zikaitaga kama kuku wa mayai, ikachujwa ikawa safi. Ukiipaka kwenye kisahani, seli za neva hunasa juu yake na kuanza kutafutana. Mama Gundi aliiita mshenga. Yeye mwenyewe alipata jina kwa kazi hiyo, ingawa mawifi zake walidai ni kwa kuwa akija kutembea habanduki.

Alipofungua friji, harufu ikampiga: nywele zilizooza kwenye bomba la bafu, na juu yake yai viza. Kizibo cha kichupa kilikuwa kimelowa, tena kina uvuguvugu, katikati ya ubaridi ule.

"Mshenga leo hajaoga," akasema. Akavaa glavu, akapaka visahani.

Glavu ilipovuliwa, haikuondoka peke yake. Uzi wa ute, mzito kama kamasi la mtoto mwenye mafua, ulibaki umeiunganisha na kiganja chake. Akavuta, ukarefuka. Akanawa kwa sabuni, akanawa kwa spiriti. Ute haukutoka, uliingia. Ukazama ndani ya ngozi kama mafuta kwenye chapati, kiganja kikabaki kikavu, safi, cha moto.

Suti alikuwa ameinamia hadubini. "Umeshatia seli humu?"

"Sijatia hata mate."

"Mbona zimeota nyuzi?"

Mama Gundi akachungulia. Ndani ya kisahani kilichopaswa kuwa kitupu, nyuzi zilikuwa zinapapasana, zinashikana, na mpangilio wake aliutambua kama mtu anavyotambua kandambili zake kwenye rundo: ilikuwa mistari ya kiganja chake, pamoja na kovu la kisu cha jikoni.

Akamshika Suti begani amvute mbali na kisahani, na hapo ndipo kiganja kilipofungua kinywa, maana hakuna neno jingine la kueleza vile ngozi yake ilivyoanza kufyonza, kupitia koti na shati, ikaonja jasho la kijana yule, ikaonja sabuni aliyoogea, ikaonja maharage ya mchana yaliyokuwa bado yanachacha tumboni mwake, na ladha yote hiyo ikapanda mkononi, ikapita kwapani, ikamjaa mama wa watu kooni hadi akajua, bila kutaka kujua, utamu wa mtu mzima.

"Mama, niachie!"

"Siwezi, baba. Siwezi!"

Suti akanyakua chupa ya dawa ya kubandulia, ile wanayoitumia kukata vishikio vya seli zikinasa mno kisahanini, akaimimina begani. Kiganja kikabanduka kwa mlio wa busu la mlevi. Kilitoka na kipande cha koti, kipande cha shati na manyoya machache ya bega. Suti akatapika kwenye sinki. Manyoya yale, taratibu, yakamezwa na kiganja.

Mama Gundi akaichukua chupa ya dawa na hakwenda nyumbani. Nyumbani alikuwako kitindamimba wake, binti ambaye kila jioni humvua viatu huku akisema shikamoo. Mama hujisifu kwamba ni mtoto pekee duniani anayeshika miguu kwelikweli. Kiganja kile kikimgusa huyo, je? Akaenda kwa shangazi yake, mganga wa wenye majini.

"Ninyooshe mkono uninuse, shangazi?" Mama Gundi akatania akiwa bado mlangoni.

"Nimekunusa tangu uko njiani," shangazi akanong'ona. "Jini kuingia si kazi, mwanangu. Hutupitia kila siku kama upepo kwenye chekeche. Kazi ni kushika. Nyie mmemtengenezea kishikio cha binadamu kisicho na mwenyewe. Nani alimkaribisha?"

"Mimi. Alibisha hodi ndani ya friji."

"Loo! Hodi ya ndani haijibiwi karibu. Hujibiwa: kaa huko huko."

Akamwagia kiganja dawa iliyobaki, juu ya beseni, akisoma kwa sauti ya chini. Ngozi ikachemka mapovu. Kitu kikaanza kushuka kati ya vidole, cha kijivu, kinateleza, kama kondo la nyuma la mbuzi, kimefumwa kwa manyoya ya Suti, na kilipofika chini ya beseni kikajikunja, kikatoa uvundo uliowafanya wote wawili wameze mate machungu. Beseni likatikisika. Tone likaruka, likaanguka kwenye kiatu cha kushoto cha mgonjwa. Akalifuta kwa kitambaa.

"Kwaheri," shangazi akaliambia beseni. Akasubiri. Kimya. "Kwaheri, mgeni." Kimya.

"Labda ana aibu," Mama Gundi akasema.

"Mgeni asiyeaga hajaondoka. Lala hapa leo."

Akakitazama kiganja chake. Kilikuwa baridi, chekundu, chake. Akakigusa kwenye shavu, akakigusa kwenye ukuta, hakikushika kitu. "Shangazi, mwanangu ananisubiri. Nataka nikamshike kwa mkono huu."

Akafika nyumbani kabla jua halijazama. Akaketi kwenye kiti cha mlangoni, akacheka peke yake kwa raha, mikono imefunguka. Binti akaja mbio, akachuchumaa kama kawaida, vidole tayari kwenye kamba za viatu.

"Shikamoo, mama."

Mama Gundi akafungua mdomo. Hakuwahi.

"Marahaba," ikajibu sauti yenye majimaji, kutoka ndani ya kiatu cha kushoto.

Binti akavuta mkono. Akavuta tena.

"Mama," akasema, "kiatu chako kimenishika."