Unga wa Wifi

Kina mama wenzangu, hasa mnaoachisha watoto ziwa, sogeeni niwaambie.

Asubuhi ilikuwa tulivu kibarazani. Mama mmoja, fundi cherehani, alikuwa anapinda sketi. Wifi yake anachambua maharage, na watoto wao, waliopishana siku chache kuzaliwa, wanagombania kijiko mkekani. Akaja mama mkwe, akambeba wa wifi.

"Bonge la bibi! Mzito kama gunia!" Akamtupia jicho wa fundi. "Na huyu, mwanangu, unamlisha upepo?"

Fundi akacheka kwa meno tu, moyo unachemka. Tangu hapo, kila akiyaona mapaja ya Bonge anaona kama mwanawe kaibiwa.

"Wifi, uji wako unautia nini?" Maneno machache tu hayo, yakamshinda kutamka. Aulize achekwe? Thubutu! Akaona bora achungulie. Wifi alipokwenda mashineni kusaga, naye akajipanga nyuma, shingo imemtoka kama twiga. Akaona mahindi yamechanganywa na maharage.

"Kumbe ndiyo hayo tu!"

Jamani, hakujua kwamba wifi alishayaloweka yale maharage, akayachemsha yakaiva, kisha akayaanika. Yakishakauka, kwa mbali utadhani yametoka dukani.

Fundi akasaga mabichi, tena akayazidisha, wake ampite Bonge. Uji ulipotokota tu, akaepua.

Mchana mtoto akatapika mpaka akalegea, macho yakazama. Fundi akapiga mayowe. Wifi ndiye aliyemnyakua mtoto na kukimbia naye zahanati.

"Amekula nini?" akauliza muuguzi.

"Uji... kama wa wifi."

Wifi akageuka. "Maharage uliyachemsha kwanza?"

Fundi akatikisa kichwa.

"Si ungeniuliza! Ningekupa hata unga wenyewe!"

Muuguzi akamtundikia mtoto dripu, akasema, "Mahindi yana protini yake, maharage yana yake. Zikichanganywa, hii inajazia pale penye upungufu wa ile, mtoto anajengeka. Ila maharage yasiyoiva vizuri ni sumu."

Mtoto alipofumbua macho akadai ziwa, fundi akaangua kilio. "Wifi, nilikuwa namwonea mwanao wivu."

"Nilijua. Ulivyokuwa unamkodolea, nikawa namfunika kanga."

FUNZO

Mama mwenzangu, ukiona mtoto wa mwenzio amenawiri, muulize kwa mdomo. Kuulizia uji si aibu. Mchanganyie mwanao nafaka na maharage, lakini yaloweke, umwage maji, uyachemshe mpaka yaive ndipo uanike na kusaga. Na wewe bibi, usiwapime wajukuu mbele ya mama zao. Wivu ni wetu sisi watu wazima, lakini uji anaunywa mtoto.