Maneno ya Kwenye Chupa

Kila asubuhi Bibiana aliwasha jiko la mkaa, akachota maji na kufagia uwanja wa nyumba yao huko Pongwe, Tanga, kabla ya kwenda shule. Mama yake, Dorkasi, alikuwa mgonjwa wa presha. Siku hizo alikuwa akichoka hata kabla jua halijapanda, na vile vidonge vya kila siku navyo vilikuwa vimemchosha.

Jumamosi moja, gari lenye kipaza sauti lilipita mtaani. "Kina mama wote wa Tanga wameshaachana na vidonge! Leo tu, chupa za dawa zimebaki chache!"

Mama akanunua moja. "Nisomee, mwanangu. Macho yangu mazito."

Bibiana akasoma: "Umechoka? Kunywa hii uwe mtu mpya. Hata madaktari wameshangaa!"

Mama akatabasamu. Tangu siku hiyo hakugusa tena vidonge.

Wiki iliyofuata, Bibiana alirudi kutoka shule akamkuta mama ameketi sakafuni, ameshika kichwa, hawezi kusimama. Alikimbia kumwita jirani, wakampeleka kituo cha afya kwa bajaji. Presha ilikuwa imepanda mno.

Mama alipopata nafuu kidogo, Bibiana akamwonyesha nesi Mwatumu ile chupa.

"Shikamoo, nesi. Alikuwa anakunywa hii. Kwenye kipaza sauti walisema kina mama wote wameacha vidonge, na kwamba ni leo tu."

"Marahaba. Hebu isome tena. Maneno haya ni ya nani?"

"Ya muuzaji."

"Ni madaktari gani walioshangaa?"

Bibiana akaigeuza chupa huku na huku. "Hawajatajwa."

"Na hao kina mama wote?"

"Mama Asheri, jirani yetu, bado anameza vidonge vyake."

"Sasa, kwa nini walisema leo tu?"

Bibiana akafikiri. "Ili tusipate nafasi ya kuuliza." Machozi yakamlengalenga. "Mimi ndiye niliyemsomea, nesi."

Mama akanyoosha mkono kutoka kitandani, akamshika. "Ulisoma vizuri, mwanangu. Nilikuwa nimechoka, nikasikia nilichotaka kusikia." Akapokea kidonge, akakitazama kitambo, kisha akakimeza.

"Muuzaji alijua kwamba umechoka, mama," nesi akasema taratibu. "Ndiyo maana akaanza na hilo. Bibiana, si kila tangazo ni uongo. Lakini kila tangazo lina mwenyewe, na mwenyewe anataka kitu kutoka kwako. Mjue yeye kwanza, ujue na anachotaka. Kuamini kutakuja baadaye."