Vifungo vya Fundi Sindano

Kwa masikitiko makubwa, tunatangaza kifo cha mapenzi ya Fundi Sindano, mshona nguo, na mkewe, mwalimu wa nidhamu. Yamefia jikoni, jioni, chanzo kikiwa kifungo cha shati. Mazishi yamechelewa kidogo kwa kuwa wafiwa bado wanatukanana.

"Simama hapo hapo," Mwalimu alisema. "Shati hilo umelivulia wapi?"

"Sijalivua."

"Asubuhi lilikuwa limenyooka. Sasa kifungo cha juu kimeingia tundu la pili, upande mmoja unaning'inia kama ulimi wa mbwa. Na wewe ni fundi nguo."

"Dukani kulikuwa na joto."

"Joto ndilo linalokuyumbisha? Siku hizi unatembea kama mlevi na hunuki pombe."

"Kumbe huwa unaninusa. Nimefarijika."

Simu ikalia mezani. Fundi akawahi kuichukua, ikamponyoka, ikaangukia miguuni pa mkewe. Mwalimu akaiokota, akasoma ujumbe kwa sauti yake ya kuita majina ya watoro:

"Kesho asubuhi usile kitu. Vua pete kabla hujaja. Nitakupokea mwenyewe mlangoni."

Hakupiga kelele. Aliingia chumbani, akarudi na begi lililojaa suruali za mumewe, akalitupa sakafuni.

"Haya, vua pete. Umeagizwa."

Fundi akajaribu. Vidole viliteleza juu ya pete kama vya mtu mwingine.

"Acha maigizo."

"Siwezi kuishika," Fundi alisema polepole. "Hata sindano siku hizi inanishinda."

Mwalimu hakumwamini. Akaipiga ile namba, akaweka spika.

"Habari, dada. Mimi ndiye niliyemvisha hiyo pete."

"Afadhali umepiga, mama," sauti ikajibu. "Mimi ni muuguzi wa wadi ya upasuaji. Leo alipopimwa tulimwambia kesho aje na ndugu, akasema hana. Pingili za shingo zimelika, zinabana mishipa ya fahamu ya uti wa mgongo, ndiyo maana mikono inamshinda. Daktari atapasua shingo kwa mbele, atoe kilicholika, aziunge pingili. Akiendelea kuchelewa, miguu nayo itagoma."

"Na mikono?"

"Hiyo hatuahidi, mama. Tunataka kwanza isizidi kuharibika."

Simu ikakatika. Mwalimu akamgeukia mumewe.

"Huna ndugu?"

"Nilipokwambia shingo inauma, ulisema ni uvivu."

"Kwa sababu ulikataa hospitali."

"Nimekwenda, umenifungia begi."

"Ungesema, mpumbavu wewe."

"Fundi asiyeweza kufunga kifungo chake utamtaka wa nini?"

"Nani alikwambia niliolewa na vidole?"

Akaleta sabuni, akamvua pete kwa nguvu mpaka Fundi akang'ata meno. Hakuna aliyeomba radhi. Walilala kila mtu na ukuta wake.

Siku chache baada ya upasuaji, Mwalimu aliingia wadini na lile begi. Fundi alikuwa ameketi kitandani, kola ngumu shingoni, sauti imekauka kama karatasi.

"Umeniletea nguo au umenifukuza?" alinong'ona.

"Bado naamua." Akamwekea kidole kiganjani. "Bana."

Fundi akabana. Hafifu, lakini akabana.

"Tena. Huo ni mbano wa mtoto wa chekechea."

"Unanitesa."

"Ndiyo kazi yangu. Tena."

Kisha akamvalisha shati, akimfunga vifungo kwa uso wa mtu anayesahihisha mtihani mbovu.

"Umeruka tundu," Fundi alinong'ona.

"Najua. Utalirekebisha mwenyewe ukiweza."

"Nisipoweza?"

"Utatembea hivyo hivyo, nami nitatembea pembeni yako nikikucheka."

Akavuta kiti, akaketi. Kwenye kidole gumba chake alikuwa amevaa pete ya mumewe.

Msomaji ameiona hiyo pete, na sasa ananikodolea macho akidai kaburi. Sawa, nimeshikwa. Nakiri mbele yenu nyote: nilitangaza msiba bila maiti.