Jiwe Lililozidi Kilo Sitini na Tisa

YAH: USAWAZISHAJI WA TOFAUTI NDOGONDOGO ZA UZITO WA VIELELEZO VYA MAWE.

Ndicho kichwa cha waraka uliobandikwa mlangoni mwa ghala la idara ya miamba, umegongwa mihuri mitatu utadhani tangazo la vita. Ulieleza kwamba mawe hayali wala hayanenepi. Basi mpimaji akikuta uzito tofauti na wa mwaka jana, aandike wa mwaka jana. Aliyeubuni alipandishwa cheo, akawa mkurugenzi. Kwa akili zile, ajabu ni kwamba hakupewa wizara nzima.

Mpimaji mpya aliusoma, akaguna, akaingia. Alikuwa binti wa mpimaji wa zamani, aliyepotea miaka tisa nyuma, asubuhi ya siku ya kazi. Idara ilimtafuta kwa muda wa chai, kisha ikalifunga faili lake kwa neno moja: MTORO. Mama mtu alilisikia neno hilo kila alikopita, mpaka akaacha kutoka nje. Binti aliomba kazi hii ili alifute.

Alipima mawe madogo, kisha akaliendea jiwe kubwa kama pipa. Kwa nje lilikuwa la kijivu, limekunjamana kama goti la tembo. Ubavuni lilikuwa na tundu la kupitisha mkono tu. Ndani, uvungu: humo maji ya moto yalipenya tone kwa tone kwa mamilioni ya miaka, yakiacha chembe juu ya chembe, hadi fuwele zikachongoka, zambarau iliyokolea. Uzuri wa kumfanya mtu ashushe sauti.

Kitabu kilisema kilo 212. Mizani, 281.

Akapima tena. 281.

Akafungua vitabu vya nyuma, akakwangua wino mweupe wa kufutia. Chini yake, kila mwaka, 281. Miaka tisa. Kabla ya hapo, 212.

Zilizidi kilo sitini na tisa. Ndio uzito ulioandikwa kwenye cheti cha afya cha baba yake, ambacho mama alikitunza kabatini.

Akaligusa jiwe. Lina joto. Joto la mwili.

Akamulika tochi tunduni. Kule ndani kabisa fuwele tano zilikaa pamoja, zimekunjika. Fuwele hazikunjiki. Zilikuwa zimeshika brashi ya vumbi.

"Baba?" alinong'ona.

Brashi ikasogea.

Mkurugenzi akaitwa. Akasimama mlangoni, leso puani.

"Binti, andika mia mbili kumi na mbili."

"Chungulia kwanza, bosi."

"Nichungulie jiwe? Mimi, na cheo hiki?"

"Basi sikiliza. Linapumua."

"Waraka hauna kipengele cha kupumua."

Kamati ikaundwa, ikala biskuti, ikailaumu mizani. Binti aliandika 281, akatia sahihi, akafukuzwa. Jiwe likafutwa kwenye orodha, ghala likapigwa kufuli, na ufunguo anao mkurugenzi. Neno MTORO bado limo failini.

Ukichungulia dirishani leo, vumbi limefunika mizani, vitabu, sakafu yote. Hakuna unyayo hata mmoja. Ukingo wa tundu pekee ndio safi, umepanguswa.

Mpimaji wa zamani hakutoroka. Saa tatu asubuhi aliingiza mkono kulisafisha jiwe, likamshika, likamvuta, likammeza mzima.