Simu Juu ya Bati

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Asnath alifagia uwanja, akawafungulia kuku, kisha akaikabili kazi ngumu kuliko zote, yaani kumwamsha mdogo wake Isaka. Isaka alikuwa na usingizi wa pono. Siku nyingine ilibidi avutwe mguu. Baada ya hapo walikunywa uji na kushika njia ya shule, wakipita kando ya mashamba ya alizeti yaliyokwisha kukauka na kungoja kuvunwa.

Asnath alisoma darasa la sita katika kijiji cha Ihanja, mkoani Singida. Umeme wa nguzo ulikuwa haujafika nyumbani kwao, ila juu ya paa palikuwa na paneli ndogo ya sola, na kazi ya kuchaji simu ya mama ilikuwa yake. Hakuna aliyemlazimisha. Aliiomba mwenyewe na kujivunia sana. Isaka akiisogelea simu hata kwa jicho tu, alikemewa. Basi Isaka akambatiza jina la Waziri wa Chaji, na Asnath wala hakukasirika.

Zamani waya wa paneli hiyo ulifika hadi chumbani. Kisha beberu mmoja mtundu aliutafuna, kikabaki kipande kisichozidi urefu wa mkono. Baba yao, Mzee Alute, alisema angenunua mwingine wiki ijayo. Wiki ijayo ya baba ilikuwa haijafika mpaka wakati huo. Kwa hiyo, kila alipotoka shule, Asnath alipanda ngazi na kuilaza simu juu ya bati, ubavuni mwa paneli, kwenye jua kali. Bati la mchana wa Singida mnalijua. Jioni simu iliteremka ikiwa ya moto kama kikaango.

Asnath hakuona ubaya wowote. Aliamini kwamba simu ikikaa juani inakula jua mara mbili, kwa waya na kwa mgongo. Tena rafiki yake Hana alikuwa amemwambia kwamba betri haishibi vizuri mpaka iwe imekufa njaa kabisa. Hana akisema jambo husema kwa uhakika, na hakuna anayembishia. Basi Asnath aliiacha simu izimike yenyewe kwanza, ndipo aipandishe juu ya bati.

Mambo yakaanza kwenda mrama taratibu. Simu iliyokuwa ikimaliza siku nzima ikawa haifikishi hata mchana. Ikaanza kuzimika ghafla wakati kioo kinaonyesha kuwa nusu ya chaji bado ipo. Mwishowe Asnath aliona kava la nyuma limeinuka na kuacha ufa pembeni. Aliligandamiza kwa kidole gumba. Likainuka tena.

Angekwenda kusema, lakini aliogopa. Angenyang'anywa kazi yake, na Isaka angemcheka mwaka mzima. Akakata kipande cha mpira wa tyubu ya baiskeli, ule ambao kwao hufungia kila kitu kuanzia jembe hadi mlango wa banda, akaizungushia simu katikati ikabana kabisa.

"Huu mpira wa nini?" mama yake, Anastazia, aliuliza.

"Ni wa kuzuia isiteleze, Mama."

"Mwanangu ana akili," mama alisema akicheka, na maneno hayo yakamchoma Asnath kuliko kofi.

Siku hizo mama hakuwa na nafasi ya kuchunguza simu. Alizeti ilikuwa inapurwa, na mawazo yake mengine yote yalikuwa Shelui, kwa binti yake mkubwa, Winfrida. Winfrida alikuwa ameolewa huko na Filipo, na sasa alikuwa anasubiri kujifungua mtoto wa kwanza. Walikuwa wamekubaliana kwamba siku ikikaribia, mama mkwe wake apige simu, na Anastazia apande gari siku hiyo hiyo. Winfrida alikuwa mwoga tangu utotoni. Alikuwa amemwambia mama yake, "Mama, nisikuite halafu usije."

"Asnath," mama alisema, "wiki hii simu isizimike. Unasikia? Chochote kingine kinaweza kuharibika, lakini si simu."

"Nimesikia, Mama," Asnath alijibu. Chakula cha mchana kilimshinda siku hiyo, akasingizia tumbo.

Jumamosi, wakiwa uwanjani wanapepeta alizeti, simu ililia. Mama aliutupa ungo na kuikimbilia.

"Haloo! Mama Filipo! Ndiyo, ni mimi. Winfrida kafanyaje?"

Simu ikazimika.

Mama aliitazama, akaiwasha. Iliwaka, ikaonyesha chaji, ikazimika tena. Uso wake ulibadilika. Hakujua kama binti yake ameshikwa na uchungu wa kawaida, au kuna jambo baya limempata. Sentensi moja tu ndiyo iliyobaki hewani.

"Ni mtandao," baba alisema. "Siku za upepo mtandao wetu huwa hivi. Panda kwenye lile jiwe kubwa, Mama Winfrida, utaupata."

Nyuma ya nyumba palikuwa na mwamba mkubwa ambao wanakijiji wengi huupanda kutafuta mtandao. Mama alikaza kanga na kuanza kuupanda peku peku, simu akiwa ameinyanyua juu, akiita, "Haloo! Haloo, Mama Filipo!" Isaka alimfuata nyuma akisema labda upande ule, labda upande huu.

Asnath alisimama pale chini. Ilikuwa rahisi sana kunyamaza. Kila mtu alikuwa ameamini kuwa ni mtandao, na mtandao hauwezi kujitetea. Lakini alimwona mama yake ameteleza, akajishika kwa goti, akaendelea kupanda na simu ambayo Asnath alijua haitaita mtu yeyote. Aibu ilimpanda kuliko hofu.

"Mama, shuka!" alipaza sauti. "Si mtandao! Simu ni mbovu, na mimi nilijua."

Mama alishuka. Asnath aliufungua ule mpira mbele yao wote, na kava likafyatuka na kuanguka chini. Betri ilikuwa imevimba kama andazi. Asnath alieleza yote huku akilia, bati, njaa ya betri, na uongo wa mpira. Isaka, kwa mara ya kwanza, hakucheka.

Kabla mama hajasema neno, baba aliichukua simu na kuigeuzageuza. Mzee Alute alikuwa mfugaji hodari. Ndama akivimba tumbo kijijini, yeye ndiye aliyeitwa kumtoboa ubavuni ili upepo utoke, na ndama wengi walipona mikononi mwake.

"Hii si kazi kubwa," alisema kwa utulivu. "Imejaa upepo. Isaka, niletee shazia."

Shazia ni ile sindano kubwa ya kushonea magunia. Isaka aliileta mbio.

"Baba Winfrida, simu si ndama," mama alisema.

"Upepo ni upepo, mama."

"Baba, tafadhali!" Asnath alimshika mkono. "Mimi nimeiharibu kwa kudhani najua. Tusidhani tena. Tumpelekee fundi Rebeka aiangalie."

Baba alimtazama binti yake, akaitazama betri, akaitia shazia mfukoni. Mama alikwisha kuchukua mkoba wake. Akaifunga simu kwenye pindo la kanga, na wote wakaondoka haraka kuelekea barabarani.

Fundi Rebeka alikuwa na kibanda cha kutengeneza simu karibu na kituo cha mabasi. Alikuwa mwanamke wa maneno mengi, na alipocheka abiria ndani ya basi waligeuka. Lakini alipoona mama anafungua pindo la kanga, hakucheka.

"Shikamoo, fundi," Asnath alisema.

"Marahaba, mwanangu. Mama Winfrida, umeibeba hiyo tumboni? Iweke hapa kwenye kigae, taratibu, wala msiibonyeze."

Mama alieleza habari ya Shelui kwa pumzi moja. Rebeka hakuuliza zaidi. Aliichomoa laini kwa uangalifu, akaiweka kwenye simu yake mwenyewe, akampa mama. Namba ya Mama Filipo mama aliijua kwa kichwa.

"Haloo! Tumekutafuta, Mama Winfrida!" sauti ya Shelui ilitoka kwa nguvu. "Uchungu umeanza leo asubuhi. Yuko kituo cha afya, muuguzi anasema yote yanaenda vizuri, ila anakulilia wewe. Utakuja?"

"Nakuja! Mwambie niko njiani!"

Gari la Singida mjini lilikuwa linapakia, na huko angepata jingine la kwenda Shelui. Mama alinunua pakiti ya biskuti, akapanda. Kabla mlango haujafungwa alimgeukia Asnath. "Wewe na mimi tutaongea," alisema, na gari likaondoka. Asnath alibaki hajui kama maneno hayo ni ya hasira au la.

Rebeka alirudi kwenye kazi yake. Aliizima simu kabisa, akaibandua betri kwa kadi laini ya plastiki, polepole, kisha akaizamisha kwenye ndoo ya mchanga mkavu nje ya kibanda.

"Nani alitaka kuigusa hii kwa kitu chenye ncha?" aliuliza. "Maana kila wiki naletewa na mtu mwenye mawazo hayo."

Baba alikohoa na kuitazama barabara. Isaka akaonyesha mfuko wa baba yake kwa kidole.

"Mzee Alute!" Rebeka alicheka mpaka akashika meza. "Ungeitoboa, ingekuwakia hapo hapo mkononi. Ndama ana tumbo, hii ina kemikali. Ikivimba haichajiwi, haibanwi, haitobolewi, wala haitupwi motoni au chooni. Inaletwa kwa fundi. Hizi nikizikusanya nazipeleka mjini kwa watu wanaozipokea."

"Ni mimi niliyeiua?" Asnath aliuliza kwa sauti ndogo.

"Uliisaidia kufa," Rebeka alisema bila kumficha. "Simu hii ina miaka yake, na betri huzeeka hata ikilelewa kama yai. Lakini joto ndilo adui yake mkubwa. Wewe ukilazwa juu ya bati mchana kutwa utakuwaje?"

"Nitazimia."

"Basi. Sola ni nzuri, acha paneli ikae juani, simu ikae kivulini. Na hiyo habari ya kuifisha kwa njaa, nani kakwambia?"

"Hana."

"Mwambie Hana hayo yalikuwa ya betri za zamani sana. Hizi za sasa hazipendi kuisha kabisa. Ikishuka kama robo hivi, ichaji. Ikikaribia kujaa, unaweza kuichomoa. Usiichaji chini ya mto wala kwenye nguo, na usitumie chaja mbovu. Ikianza kuisha upesi, ikizimika wakati chaji inaonekana, ikipata joto bila sababu, au ikivimba hata kidogo, hapo muda wa kubadilisha umefika. Usiifunge mpira, mwanangu. Sema."

Kwa bahati Rebeka alikuwa na betri mpya ya aina ile ile. Aliipachika, akaiwasha simu, akairudisha laini. Baba alilipa. Halafu, bila kuambiwa na mtu, aliingia duka la jirani na kutoka na waya mrefu wa sola uliozungushwa begani. "Na mimi nina sehemu yangu katika hili," alimwambia Asnath. Jioni ile ile waliufunga, ukapita dirishani hadi kwenye meza ya chumbani, mahali penye ubaridi.

Jumapili baada ya ibada Asnath hakucheza na wenzake. Aliketi karibu na simu, akiogopa habari za Shelui na kuogopa zaidi yale mazungumzo aliyoahidiwa. Baba alijifanya anachonga mpini, lakini alikuwa anachonga hewa. Mchana simu ikalia kwa namba ya Mama Filipo, Asnath akaipokea kwa mikono miwili, na sauti ikawa ya mama yake.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Mwambie baba yako amepata mjukuu wa kike. Mama na mtoto wote wazima."

Baba alidondosha mpini. Isaka alipiga kelele mpaka kuku wakatawanyika. Asnath peke yake hakusogea.

"Mama, umenikasirikia?"

"Kwa bati, hapana," mama alisema. "Hata mimi ningeiweka pale pale. Nani alitufundisha? Lakini ule mpira, Asnath, ulinidanganya, nami nikakusifu. Hilo liliniuma. Kuharibu kitu kwa kutojua ni kosa dogo, linatengenezeka. Kulificha ndiko kunakolikuza, na mara nyingi anayeumia ni mtu mwingine kabisa asiyejua lolote."

"Nisamehe, Mama."

"Nimekusamehe tangu pale kwenye jiwe. Nilifika Winfrida akiwa bado na saa moja tu. Alinishika mkono huu, hakuuachia mpaka mtoto akalia. Wewe ungenyamaza, mwanangu, mpaka sasa ningekuwa juu ya lile jiwe naita haloo, haloo, na dada yako angejifungua anaita mama bila kuitikiwa. Ulipopaza sauti ile, ulimwokoa yeye. Sasa sikiliza."

Mama aliisogeza simu. Katika chumba cha Ihanja wote watatu waliinamisha vichwa, na kutoka Shelui wakasikia sauti nyembamba, yenye hasira na afya tele, ya mtu ambaye jana asubuhi hakuwepo.