Kamba ya Vitambaa

Shule ile ya Mangobo haikuwa na kengele. Ilikuwa na rimu ya lori. Rimu ilining'inia kwenye nguzo ya chuma nyuma ya darasa la pili, na Papa Asumani, mlinzi wa shule, aliigonga kwa nondo. Aliigonga asubuhi, watoto waingie. Aliigonga watoke kucheza. Aliigonga warudi. Aliigonga mchana, waende nyumbani. Sauti ilikuwa ileile kila mara, na ilifika mpaka sokoni. Wanawake wanaouza mikate huko walisema wao hawana haja ya saa.

Madame Chimène alifundisha darasa hilo la pili. Alikuwa na watoto hamsini na wawili na madawati kumi na manne. Akisema "Mikono!", watoto wote walikunja mikono kifuani na kumtazama.

Wote, isipokuwa mmoja.

Zaina alikuwa na miaka minane. Mikono yake haikukunjwa. Aliipepesa hewani kama mtu anayeikausha maji. Macho yake yalitazama dirisha, au ukuta, au kidole chake mwenyewe. Chimène akimsalimia, "Zaina, umeamkaje?", Zaina alijibu, "Zaina, umeamkaje?" Darasa lote lilicheka. Chimène hakucheka. Aliona mtoto anamfanyia mzaha.

Siku moja Moïse, aliyekaa dawati la nyuma, alipiga kelele.

"Madame! Zaina iko na nkisi! Ameificha mu mukono!"

Watoto walirukia upande mwingine wa darasa. Nkisi ni dawa ya kienyeji, na watu wengi huiogopa. Chimène alifungua ngumi ya Zaina kwa nguvu. Ndani alikuta kitambaa chekundu, kirefu kama kidole, kimefungwa fundo katikati.

Alikishika kwa ncha za vidole. Nani anampa mtoto kitu cha namna hii aende nacho shuleni? Alikitia katika droo ya meza na kuifunga kwa ufunguo. Zaina alilia mpaka sauti ikamkauka.

Wiki iliyofuata, rimu ilipolia watoto watoke kucheza, Zaina alipita katikati ya wenzake kama upepo. Alitoka darasani, akavuka uwanja, akatoka langoni. Pikipiki ilikuwa inakuja. Dereva alifunga breki, kapu la samaki wa moshi likaruka, na abiria akaanguka kwenye matope. Zaina alisimama katikati ya barabara, mikono masikioni, akitazama upande wa kushoto.

Hakuumia. Lakini mkuu wa shule, Papa Hugues, alikuja mbio mpaka miwani ikamteleza puani.

"Bon, Madame Chimène. Mutoto akikufa mu barabara, nani atajibu? Ni mie! Nitamungoja mpaka mwisho wa mwezi ujao. Akitoka tena kwa lango, hata mara moja, mama yake anakuja kuchukua karatasi zake."

"Ndiyo, Directeur," alisema Chimène. Moyoni aliona nafuu kidogo, kisha akaona haya kwa ile nafuu.

Siku mbili baadaye Papa Hugues alimwita tena. Alikuwa na barua mkononi.

"Kuna formation ya walimu, kule Makiso. Siku mbili sasa, na siku mbili zingine kisha wiki moja. Ni juu ya batoto benye autisme. Wanataka mwalimu mmoja. Utaenda wewe."

"Miye? Na batoto wangu hamsini na mbili nitawaacha na nani?"

"Na mie. Unafikiri nimesahau kufundisha?"

Jibu lilikuwa ndiyo, lakini Chimène aliichukua ile barua.

* * *

Mwalimu wa mafunzo aliitwa Mama Élise. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye sauti ya kuuza samaki, na alikuwa amefundisha shule ya msingi miaka ishirini. Hakuanza kwa hotuba. Alimnyooshea Chimène kidole.

"Madame, kuja mbele. Keti. Andika ninachosoma."

Kisha akampa mwalimu mwingine, Monsieur Dady wa Lubunga, redio yenye kukwaruza, aishike karibu na sikio la Chimène. Mwingine alimvisha shingoni kipande cha gunia. Wa tatu alimmulika machoni kwa tochi. Mama Élise akaanza kusoma haraka, huku akigonga meza.

Chimène aliandika maneno matatu. Neno la nne lilimpotea. Gunia lilimwasha. Aliinua mkono ajikune.

"Mikono!" alifoka Mama Élise. "Niangalie mu macho! Juu ya nini hauandike? Wewe ni kichwa nguvu!"

Chimène alisimama, akaisukuma redio. Jasho lilimtoka.

"Madame amekimbia masomo," alisema Dady. "Tuite mama yake?"

Watu walicheka. Mama Élise alizima redio na kumpa Chimène maji.

"Ulitaka kufanya nini, dada yangu?"

"Kutoka nje."

"Ulikuwa unanidharau?"

"Hapana! Nilikuwa sisikii tena kitu."

"Basi." Mama Élise aliwageukia wote. "Watoto wengi wenye otizimu husikia, huona na huhisi mambo kwa namna isiyo yetu. Sauti ambayo kwako ni ndogo, kwake inaweza kuwa nyundo. Mwingine anashindwa kukutazama na kukusikiliza kwa wakati mmoja. Mwingine anarudia maneno yako kwa sababu bado anatafuta ya kwake. Mwingine anapepesa mikono, na hiyo inamtuliza. Haumizi mtu. Mwacheni."

Dady aliacha mzaha. "Mama Élise, kwetu watu wanasema ni ndoki. Ama mama yake alikula kitu kibaya kwa mimba."

"Nimesikia hayo miaka yote. Si uchawi. Si laana. Si kosa la mama. Otizimu haiambukizi kwa kukaa dawati moja. Mtoto amezaliwa na ubongo unaofanya kazi kwa njia yake. Fimbo haiubadilishi, wala maombi ya kumfungia mtoto ndani bila chakula. Unaobadilika ni ufundishaji wetu."

Jioni ya siku ya pili Mama Élise aliwapa kila mmoja daftari. Kila ukurasa ulikuwa na sehemu tatu: *Kabla. Alichofanya. Baada.*

"Wiki nzima msimwadhibu mtoto na msimhukumu. Andikeni tu. Mambo yalikuwaje kabla? Alifanya nini? Kisha ikawaje? Mtoto asiyeweza kukuambia shida yake, anakuonyesha."

* * *

Chimène aliandika. Alimweka Zaina karibu na meza yake, na kumwomba Papa Asumani alinde lango. Jumatatu Zaina alikimbia mara mbili. Jumanne mara moja. Jumatano mara mbili. Kila mara Papa Asumani alimzuia langoni kwa mikono miwili iliyofunguka, kama mtu anayerudisha mbuzi.

Alhamisi, watoto walipokuwa wanakula maandazi ya beignets uwanjani, Chimène alisoma daftari lake tangu mwanzo. Kidole chake kilishuka kwenye sehemu ya *Kabla*. Rimu imelia. Rimu imelia. Rimu imelia. Kidole kikapita kwenye sehemu ya *Baada*. Anasimama langoni, anatazama kushoto. Anatazama kushoto. Kushoto.

"Papa Asumani," aliuliza, "upande wa kushoto kuna nini?"

"Kushoto? Si njo njia ya kwenda kwa Mama Zaina. Kila mchana anatokea kule."

Mchana huo Chimène alishika njia hiyo ya kushoto. Alimkuta Binti, mama yake Zaina, barazani, nyuma ya cherehani yake. Binti alipomwona mwalimu, mguu wake ulisimama juu ya pedali.

"Umeniletea karatasi zake," alisema.

"Hapana, Mama Zaina. Nimekuja kuuliza."

"Shule ya kwanza nayo walianza vile vile. Waliuliza. Kisha wakaniambia nimupeleke kwa mchungaji amutoe pepo. Miye Mwislamu, Madame! Na huyo mchungaji hata yeye alimukimbia."

Chimène alitaka kucheka na kulia pamoja. Chini ya cherehani Zaina alikuwa amekaa juu ya lundo la vipande vya vitenge. Alivipanga, akavigusa kwa shavu, akavipanga tena.

"Kile kitambaa chekundu," alisema Chimène polepole. "Chenye fundo. Ni cha nini?"

"Ah, kile amepoteza!" Binti aliinua ncha ya kitenge alichovaa. Kilikuwa chekundu, na pindo lake lilikuwa limekatwa kipande kirefu kama kidole. "Nilikikata hapa. Fundo nilifunga ili kisichanike. Kila asubuhi nilimuwekea mu mukono, nikamwambia: Mama atarudi. Akikishika, alijua nitarudi. Tangu kimepotea, kila asubuhi ni vita."

Chimène alitazama sakafu.

"Hakikupotea, Mama Zaina. Miye nilimunyang'anya. Nilifikiri ni nkisi. Unisamehe."

Binti aliuondoa mguu kwenye pedali. Kisha alisukuma kiti kwa mguu.

"Keti, Madame," alisema. "Haujakula."

Walikula lituma, ndizi zilizopondwa, na samaki, sahani moja. Zaina aliendelea kupanga vitambaa vyake, na hakuna aliyemwambia aache.

* * *

Mafunzo yalipoanza tena, Mama Élise alisoma daftari la Chimène na kupiga makofi.

"Mtoto wako haikimbii shule. Anamtafuta mama yake. Rimu inalia mara nne, kwa sauti moja, na yeye hajui ni mara gani inamaanisha nyumbani. Wewe unaijua siku yako kwa kichwa. Yeye anahitaji kuiona."

"Walimu wengine wanatumia picha. Miye sijui kuchora. Ng'ombe wangu anafanana na meza."

"Nani amesema picha tu? Mtoto wako anapenda nini?"

Chimène alifikiri kidogo. Kisha akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu mafunzo yaanze.

Jumatatu alifunga kamba ukutani, karibu na dawati la Zaina. Kwa vibanio vya nguo alining'iniza vitambaa sita: vitano alivyopewa na Binti, na kimoja alichokitoa katika droo. Cha bluu kilikuwa kusoma. Cha njano, kucheza. Cha mistari, hesabu. Vingine kuandika na kuimba. Cha mwisho kabisa kilikuwa kile chekundu chenye fundo: Mama. Jambo likiisha, kitambaa chake kitatolewa na kuwekwa katika kopo.

Zaina aliitazama kamba. Kisha aling'oa vitambaa vyote kwa mpigo mmoja na kukimbia na kile chekundu mpaka langoni, Papa Asumani akamzuia.

Chimène alimpigia Mama Élise simu, akamweleza.

"Umeweka vingapi?"

"Sita."

"Ni vingi! Anza na viwili. Cha sasa, na cha Mama. Akizoea, ongeza kimoja. Maneno nayo, yapunguze. Na huyo mzee wa rimu, amjulishe mtoto kabla ya kugonga."

Basi wakaanza upya. Papa Asumani alipita dirishani kabla ya kugonga na kuinua kofia yake juu. Chimène alisema maneno mawili tu: "Zaina, rimu." Zaina aliziba masikio. Rimu ililia, ikaisha. Nyuma ya darasa Chimène alitandika mkeka, Zaina apumzike kelele zikizidi. Neno "Mikono!" alilibadilisha kidogo: sasa aliongeza, "na Zaina, kwa njia yake." Watoto walizoea kwa siku mbili. Moïse ndiye aliyechukua kazi ya kuokota vibanio vilivyoanguka.

Vitambaa viwili vikawa vitatu. Vikawa vinne.

* * *

Siku ya mwisho ya mwezi ule aliousema, Papa Hugues alisimama mlangoni, karatasi za Zaina kwapani. Binti alikuwa ameitwa. Alifika mapema mno, akajificha nyuma ya meza ya muuza mikate, kushoto mwa lango, ili mtoto asimwone. 

Nje ya dirisha kofia iliinuka.

"Zaina, rimu," alisema Chimène. 

Rimu ililia. Zaina aliziba masikio. Kisha alisimama. Papa Hugues alinyoosha mikono miwili kuziba mlango.

"Acha, Directeur. Mungojee."

Zaina hakwenda mlangoni. Alikwenda kwenye kamba. Alitoa kitambaa cha bluu, akakitia katika kopo. Alivigusa vilivyobaki, kimoja kimoja.

"Kucheza," alisema. "Hesabu. Mama."

Akapita chini ya mkono wa Papa Hugues, akatoka uwanjani, akaketi karibu na ukuta kwenye kivuli. Lango lilikuwa wazi. Hakulitazama.

Papa Hugues alivua miwani, akaifuta, akaivaa.

"Rimu imelia kweli?" aliuliza.

"Imelia, Directeur. Hata wewe umeruka."

Mchana rimu ililia kwa mara ya mwisho. Zaina alichukua kile kitambaa chekundu na kutembea mpaka langoni, hatua kwa hatua, akapita kushoto, Chimène na Papa Hugues nyuma yake. Binti alikuwa amesimama pale, ameshika meza ya watu kama fimbo ya kutembelea.

"Mama Zaina," alisema Papa Hugues, "karatasi zinabaki kwangu. Lakini niko na ombi. Vile vitambaa, hauna vingine? Darasa la kwanza wako na mutoto mumoja... nafikiri naye anatuonyesha kitu."

Binti alifungua mdomo, ukamtoka mchanganyiko wa kicheko na kilio. Muuza mikate alimpa kiti chake mwenyewe, na Binti akakaa, akapumua kama mtu aliyetua mzigo wa kuni.

"Niko navyo gunia nzima, Directeur," alisema. "Gunia nzima!"

Zaina alimvuta mama yake, kisha akasimama. Alirudi hatua tatu mpaka alipokuwa Chimène. Hakumtazama. Alitazama kidole chake. Lakini alinyoosha mkono, akafungua ngumi mwenyewe, na kuweka kile kitambaa chekundu katika kiganja cha mwalimu.

"Kesho," alisema.

Chimène alirudi darasani. Droo ya meza ilikuwa wazi, na ufunguo umo ndani yake. Aliipita. Akakibana kitambaa kwenye kamba, mwishoni, mahali pake.