Vibao Vilivyofungiwa Kabatini

Jirani zangu, haya ni ya nyumbani kwangu mwenyewe, msije mkasema nasengenya.

Jioni hiyo tulikuwa tumetulia sebuleni. Mwanangu, mtunza stoo wa shule, alikuwa anapiga pasi shati. Binti yake, tunayemwita Kiherehere, akaingia mbio na daftari.

"Bibi, programu yangu imekamilika! Mtu akigonga mlango, kibao kinahisi mtikisiko, kinawasha taa. Husikii vizuri, lakini utaona!"

Nilimkumbatia. Nani mwingine alikuwa ameyawaza masikio yangu?

Vibao hivyo ni vya saketi za umeme, vidogo kama kiganja cha mtoto. Unakiandikia maagizo kwenye kompyuta, nacho kinatii. Shule ilipewa ishirini. Mwanangu akavifungia kabatini, betri zikiwa ndani, visiharibike. Mwaka mzima wanafunzi waliandika programu daftarini tu, mwalimu wao wa kompyuta akiwachorea kibao kwenye maboksi.

"Baba, maonyesho ya shule ni kesho. Tupe basi!"

"Mtavivunja. Vile ni vya kuonyesha wageni."

"Mwanangu," nikasema, "nani alijifunza kuogelea kwa kuchora mto?"

"Mama, wewe na kompyuta wapi na wapi?"

Mtoto alilala bila kula.

Asubuhi, kabla ya maonyesho, nikaongozana nao shuleni. Mwalimu alimbembeleza mwanangu mpaka akafungua kabati. Lo! Betri zilikuwa zimevuja, unga wa kijani umekula vyuma.

"Lakini nilivitunza!" alisema mwanangu, akikigeuzageuza kimoja mkononi.

Mwalimu hakumsimanga. Aliagiza siki na miswaki, mswaki wa kwanza akampa mwanangu. Darasa zima likasugua. Tukatia betri mpya. Vibao kumi na sita vilikuwa vimekufa. Vinne vikaamka!

Kiherehere akaingiza programu yake. Akagonga meza, taa haikuwaka. Akaisoma programu upya, kidole kikifuata mistari.

"Nimeruka mstari mmoja!"

Akarekebisha. Baba yake akagonga meza, na taa ikawaka! Darasa likalipuka kwa shangwe, nami nikapiga vigelegele kama niko harusini. Mwanangu akagonga tena, na tena, akicheka huku machozi yanamtoka, mpaka wanafunzi wakamlalamikia:

"Mzee, na sisi tupe zamu!"

Funzo

Nimeyasema haya kwa ruhusa ya mwanangu. Wazazi wenzangu, chombo cha kujifunzia hutunzwa kwa kutumiwa. Mtoto akikivunja akijifunza, angalau kimemfundisha. Vile kumi na sita havikumfundisha mtu. Fungueni makabati.